Ujira wa Mabaharia wa Missouri

Wapendwa katika Bwana, wiki hii Yakobo 5:4 limenikaa moyoni: ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nalisoma pamoja na kesi ya Marekani ya 1825, ya stima Thomas Jefferson.

Stima hiyo ilitoka Shippingport, Kentucky, ikapanda Mto Missouri, ikarudi. Mabaharia wakadai ujira, wakaishtaki stima yenyewe. Ndivyo sheria ya bahari inavyomlinda baharia: deni la ujira hukaa juu ya chombo, nacho huweza kukamatwa na kuuzwa ili alipwe, hata kama kimeshapata mmiliki mwingine. Bila njia hiyo inambidi amsake tajiri, na huku chombo kimeshang'oa nanga.

Mahakama ya wilaya iliitupa kesi, iliyo juu yake ikakubali, na Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Joseph Story, ikathibitisha. Sababu ni kujaa na kupwa kwa maji. Ili kesi isikilizwe kwa sheria ya bahari, kazi ya baharia ilipaswa iwe imefanyika, kwa sehemu yake kubwa, baharini au pale maji ya bahari yanapojaa na kupwa. Missouri haifikiwi na maji hayo. Kipimo hicho kilitoka Uingereza, ambako mito ipitikayo na meli ni hiyo hiyo inayojaa na kupwa. Kwa mito mirefu ya Marekani hakikufaa, na baadaye mahakama hiyo hiyo, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, ilikiacha katika kesi ya Genesee Chief, iliyotokana na vyombo kugongana Ziwa Ontario mwaka 1847.

Lakini shikeni hili: mahakama haikusema mabaharia hawadai. Ilisema hapa sipo pa kudaia. Deni likabaki deni.

Wapo kati yetu wanaomwambia mlinzi au dada wa kazi, "Huna mkataba, kashtaki utakako." Ndugu yangu, hiyo ni hila ile ile ya Yakobo. Kumbukumbu la Torati 24:15 lataka alipwe siku yake, kabla jua halijachwa, maana ni maskini na moyo wake uko hapo. Andikeni kiasi na tarehe, mtie sahihi wote wawili, nakala moja akae nayo. Ukimkata kwa kilichovunjika, mwonyeshe hesabu. Na kama bahasha ya sadaka imeshajazwa naye hajalipwa, ifungue, umpelekee leo.