Siku moja na wageni wa Mwanza chini ya dari ya Tiepolo

Saa 11 na nusu alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia. Naishi Nürnberg, Ujerumani, kazi yangu ukalimani, Kijerumani na Kiswahili, na siku nyingi huwa mbele ya meza za watu wenye mafaili. Leo nina wageni watano kutoka Mwanza walioko Würzburg, natakiwa kuwakalimania ndani ya Residenz, kasri la maaskofu waliokuwa pia watawala wa eneo lile. Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, kwa hiyo Msukuma akionekana kule si kioja.

Saa 1 na robo. Treni imechelewa dakika 25. Chai nimenunua, mkate nimesahau. Kumbukeni hilo la mkate.

Saa 3. Nimewakuta nje ya kasri. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Nimedanganya. Mzee ni fundi rangi, miaka arobaini anapaka nyumba za watu kuanzia Kirumba hadi Capri Point. Kuna pia Mwalimu, mama mstaafu mwenye sauti ya kunyamazisha darasa, na vijana watatu ambao macho yao yako kwenye simu.

Saa 3 na nusu. Ngazi. Hapa ndipo siku nzima ilipokwenda.

Dari ya juu yake imechorwa mabara manne, lakini ukianza kupanda huoni yote. Unaona kipande tu: Amerika, mwanamke mwenye manyoya kichwani, amekaa juu ya mamba. Ukifika katikati ngazi zinageuka, nawe unageuka nazo, ndipo Ulaya inakutokea usoni, huku Asia na Afrika zikiwa ubavuni. Mchoraji alijua miguu yako itakuwa wapi. Giovanni Battista Tiepolo alitoka Venice na wanawe wawili, akaimaliza dari hii mwaka 1753. Ni kama mita 30 kwa 18, na katikati hakuna hata nguzo moja.

Mwenyeji wetu akaeleza kwamba Tiepolo alichora juu ya "Putz" mbichi. Njaa mbaya. Kichwani mwangu likaja "putzen", kusafisha, nikatamka kwa ujasiri: "Alichora sehemu ikiwa imetoka kusafishwa."

Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hiyo ni lipu. Rangi ya maji inanyweshwa lipu ya chokaa ikiwa mbichi, ikikauka vinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana haijabanduka."

Nikaomba radhi kwa lugha mbili. Kuanzia hapo Mzee ndiye aliyekuwa anauliza, na mwenyeji akachangamka. Lipu ya siku moja ilikuwa kubwa kiasi gani? Ile tu ambayo mchoraji anaweza kuimaliza kabla haijakauka; kesho inapigwa nyingine pembeni yake. Na baridi ya huku? Kazi ya lipu mbichi ilisimama wakati wa baridi. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama aliyesikia habari za fundi mwenzake wa mtaa wa pili.

Mwalimu yeye alikuwa anatazama upande wa Afrika. Mwanamke mweusi juu ya ngamia, wafanyabiashara wenye vilemba, tumbili anamvuta mbuni manyoya. "Huyu mchoraji alifika kwetu?" Hakufika. "Nilijua. Ziwa lote lile, hata dagaa mmoja hakuna!" Vijana wakaacha simu kwa mara ya kwanza. Mimi namtetea kidogo Tiepolo: yule mama wa ngamia amekaa kwa heshima kuliko nusu ya Wazungu walio upande wa Ulaya. Mwalimu hakukubali.

Upande huo wa Ulaya kuna mtu amejilaza juu ya mzinga wa vita, mbwa karibu yake. Ndiye Balthasar Neumann, mjenzi wa kasri, aliyeanza maisha kama msubu, fundi wa kuyeyusha madini na kumimina mizinga na kengele. Sura yake ilikuwa kwenye noti ya marki 50 kabla ya euro. Tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza ziliuchoma mji huu, paa la mbao likaungua lote, lakini tao lake la mawe likabaki limebeba picha. Baadaye ofisa wa Kimarekani, John Skilton, akahangaika kutafuta mbao za paa la muda mvua isije ikamaliza kilichobaki.

Saa 6 mchana. Ukumbi wa Kaisersaal, mapazia ya dhahabu ambayo si kitambaa bali ni lipu iliyofinyangwa. Kisha chumba cha vioo, kilichoteketea 1945 na kujengwa upya kati ya 1979 na 1987, picha zake zikiwa zimechorwa nyuma ya kioo. "Yaani unaanza na kinachoonekana mbele, unamalizia na mandhari," Mzee akanong'ona. Aliinama pale hadi mlinzi akasogea.

Saa 8. Nimekula. Soseji mbili, bila aibu.

Saa 2 usiku. Nimewarudisha hotelini. Mzee amevua viatu, shingo inamuuma, amejilaza kitandani anaangalia juu.

"Mwanangu."

"Naam, Mzee."

"Hii dari wamepaka mara moja tu. Pale kwenye kona lipu inaonekana."