Torres, mtoto wa Atlético

Jana usiku nimeangalia klipu za zamani za Fernando Torres mpaka bando likakata. Vijana wa sasa wanamjua kwa ile ya Old Trafford, Septemba 2011: kampiga chenga De Gea, kipa wa Man United, goli tupu, akatoa nje. Kibanda umiza kizima kilicheka, na mimi shabiki wa Chelsea nikajifanya nasoma meseji.

Lakini huyu jamaa alikuwa nahodha wa Atlético Madrid akiwa na miaka 19! Akatua Liverpool 2007, msimu wa kwanza tu mabao 24 ya ligi. Muulizeni Vidić, beki wa Man United enzi hizo, alivyomtesa. Chelsea walipotoa pauni milioni 50 Januari 2011, goti lilishapita kwa madaktari, na kwa macho yangu ile kasi haikurudi.

Halafu Camp Nou, Aprili 2012. Barcelona wote wamepanda, mpira ukaokolewa, Torres huyo peke yake, nusu uwanja mzima mtupu. Akamzunguka kipa Valdés, 2-2, tumeenda fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwenye kibanda alipanda juu ya benchi lake mwenyewe, lile anatukatazaga tusilikanyage.

Milan, alikohamia baadaye, sitaki hata kuizungumzia. Akarudi Atlético, 2018 akabeba Europa League, kisha akaenda zake Japani kumalizia Sagan Tosu.