Rufaa ya shamba la miwa: kazi niliyopewa Pune

Nilipokuwa nasoma sheria Pune, nchini India, nilifanya mazoezi ya kazi kwa wakili aliyekuwa akiwatetea Wadalit, watu wa matabaka yanayodharauliwa zaidi nchini humo. Akanikabidhi jalada la mama mkulima wa miwa. Majirani walimfukuza kwenye kipande cha shamba lake huku wakimtukana kwa tabaka lake, na mahakama maalumu ikawaachia huru wote. Nikaambiwa niangalie kama rufaa inaweza kusimama.

Muda haukutusumbua. Sheria ya mwaka 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya matabaka hayo, baada ya marekebisho ya 2015, inatoa siku 90 kufika Mahakama Kuu. Wala mama hakulazimika kuisubiri serikali, kwani tangu mwisho wa 2009 mwathirika anaweza kukata rufaa mwenyewe.

Ugumu ulikuwa kwingine. Katika kesi ya Chandrappa ya 2007, Mahakama ya Juu ilisema aliyeachiwa huru ana kinga maradufu: alihesabiwa hana hatia tangu mwanzo, na hukumu imeitia nguvu dhana hiyo. Ushahidi ukikubali tafsiri mbili za maana, hukumu haiguswi. Kwa hiyo kulalamika kwamba jaji angeweza kuamua vingine ni kumaliza wino bure, ingawa rasimu nyingi nilizoziona zilifanya hivyo hivyo.

Nikamwomba mwenzangu anayejua Kimarathi, lugha ya huko, anisomee ushahidi wote, nami nikachora: nani alisimama wapi, alisikia nini, ana undugu gani na mama. Ili liwe kosa chini ya sheria hiyo ya 1989, tusi la tabaka lazima litolewe palipo wazi kwa macho ya watu. Mwaka 2020, katika kesi ya Hitesh Verma, nayo ya ugomvi wa ardhi, shtaka hilo lilifutwa kwa kuwa maneno yalidaiwa kusemwa ndani ya nyumba. Jaji wetu aliwakataa mashahidi akisema ni ndugu. Kumbe mchoro ulikuwa na muuza maziwa, si ndugu wa yeyote, aliyesimamisha pikipiki barabarani kando ya shamba akasikia yote. Utetezi ulimhoji, hakuyumba. Hukumu nzima haikumtaja.

Hiyo ikawa hoja ya kwanza. Nyingine nilizoandika wakili alizifuta karibu zote. Rufaa ilipopokewa, mama aliuliza atarudi lini kulima. Wakili akamweleza kuwa mpaka wa shamba utaamuliwa mahakama ya madai, ambako shauri lake lilikuwa bado linamsubiri mpima ardhi.