Mkate wa Antoni, bahari ya Juni

Nimerudi kutoka kanisani na mkate mdogo uliofungwa kwenye karatasi ya khaki. Ni mkate wa Mtakatifu Antoni, ule unaobarikiwa leo tarehe 13 Juni na kugawiwa watu, wasio nacho kwanza. Sijaumega. Nimeuweka mezani, nikakaa kuandika kabla mama hajamaliza sala zake za usiku.

Nje kusi inavuma. Tangu alfajiri mawimbi yanasikika mpaka huku kwetu, na pwani nimeona ngalawa zimevutwa juu mchangani, tanga zimefunguliwa na kupelekwa nyumbani. Kila mwaka siku hii hunijia swali lile lile: mbona Antoni, mtakatifu somo wa kanisa kuu letu la Malindi, ameangukia mwezi ambao mvuvi hana cha kumtolea? Wakati wa vipaji akina mama wamecheza hadi altareni na ndizi, mayai, unga, mbaazi. Samaki hakuna. Kwenye mji wa bahari, kikapu cha vipaji kisicho na hata changu mmoja huniuma.

Baba alipotea mwezi kama huu. Nilikuwa darasa la sita. Upepo ulinyamaza siku mbili, wakaamini, wakatoka watu wanne kwenye mashua ya jirani yetu, nahodha aliyeijua miamba yote ya hapa tangu utoto. Siku ya tatu kusi ilirudi. Wavuvi wenzao walitafuta walivyoweza. Kilichopatikana ni dumu la maji la manjano na kipande cha foromali, ule mti unaoshika tanga, na hicho kipande nahodha mwenyewe alikuwa amekifunga kamba ya bluu, ndiyo tukajua.

Mama alianza novena ya Antoni, kwa sababu ndiye mtakatifu wa vitu vilivyopotea. Siku tisa zikaisha, akaanza tena. Kisha akashika Jumanne, siku yake Antoni, Jumanne kumi na tatu mfululizo. Mimi nilimkasirikia mtakatifu yule kwa miaka. Shangazi yangu alipoteza funguo, akamwomba Antoni, akazipata chini ya gunia siku hiyo hiyo. Funguo! Na sisi tulikuwa tunamwomba mtu.

Kilichonirudisha kwake ni maisha yake yenyewe, niliyoyasoma nikiwa tayari mtu mzima. Nilikuwa nikimjua kama Antoni wa Padua tu, yule wa sanamu iliyombeba Mtoto Yesu. Kumbe alizaliwa Lisbon mwaka 1195, jina lake Fernando. Alivuka bahari kwenda Moroko kuhubiri, akaugua huko, akapanda chombo arudi Ureno. Dhoruba ikakichukua chombo mpaka Sisilia. Akaishi Italia, akafia karibu na Padua mwaka 1231. Nilisoma hapo mara tatu. Huyu mtu tuliyekuwa tukimwomba alikuwa mwenyewe abiria wa chombo kilichopotezwa na upepo. Ndiyo maana mabaharia wa Kireno walimshika sana, na katika sala yake ya kale ya Kilatini mambo mawili yamewekwa pamoja: bahari humtii, na vilivyopotea hupatikana. Mama hakuwahi kusoma hayo. Aliyajua kwa njia yake.

Askofu wa kwanza wa jimbo letu, lililoundwa mwaka 2000, Francis Baldacchino, alitoka Malta, na huko kila tarehe 10 Februari huadhimishwa kuvunjikiwa jahazi kwa Mtume Paulo. Watu 276 chomboni, na wote walifika nchi kavu salama. Likisomwa somo hilo la Matendo ya Mitume, mama huinamisha kichwa mpaka limalizike. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Pale kwenye kanisa dogo la Wareno, lile la makuti karibu na bahari, ndiko tunakokwenda kumwombea baba. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Goa, na mtu mmoja aliyefia chomboni akazikwa hapa. Katika barua yake aliandika kwamba Waislamu wa mji walipendezwa kuona Wakristo wanavyowazika wafu wao. Makaburi yaliyo pale hayana majina tunayoyajua. Mama alichagua moja, akaweka ua la mwarubaini kwa vile alikosa jingine siku hiyo, na tangu hapo ni mwarubaini kila mwaka. Aliniambia, "Mwanangu, huyu naye kwao hawakumzika. Wacha tumshirikishe na baba yako."

Mke wa nahodha hatuandamani naye huko, lakini sisi huenda kwake. Akisomewa mumewe hitima, mama hukaa barazani na mtandio kichwani mpaka Fatiha ya mwisho. Na siku ya Antoni Bi Mkubwa yule hutuletea mahamri ya moto, bila kukosa, hata mwaka alioumwa miguu alimtuma mjukuu. Leo ameleta ishirini. Nimempa shikamoo, ameitikia, akauliza kama mkate wetu umeshabarikiwa.

Nasikia Hispania, kila tarehe 16 Julai, Bikira Maria wa Karmeli hupakiwa mashuani na kuzungushwa baharini, mashua nyingine zikimfuata. Julai hapa kwetu hakuna nahodha mwenye akili atakayeivusha sanamu mkondo wa kusi. Ningependa tuifanye tarehe 3 Desemba, siku ya Fransisko Ksaveri, kaskazi ikiwa imeanza na maji yamelala. Tuwabebe wote wawili, Antoni na Fransisko, mashua ziwe za Waislamu na Wakristo kama zilivyo siku zote za kazi, na majina ya waliopotea yasomwe kule kwenye maji. Nitamwambia mwenyekiti wa jumuiya Jumapili. Nimeahidi hivyo miaka miwili sasa, ila safari hii nimeandika.

Mama ametoka chumbani, rozari bado mkononi. Ameumega mkate vipande vitatu. Kimoja chetu, kimoja cha Bi Mkubwa, na cha tatu amekifunga tena kwenye karatasi. Padri hakutufundisha hilo, wala hajatukataza. Maji yanakupwa saa kumi na mbili asubuhi. Ameniambia nilale mapema, na nisisahau mwarubaini.