Nilivyojifunza tamthilia ya nyimbo nikiwa pembeni ya jukwaa, Moshi

Kwenye tamthilia yetu ya nyimbo hapa Moshi sikuimba hata ubeti mmoja mbele ya watu, ingawa kwenye kwaya ya usharika mimi ni alto wa siku nyingi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia, daftari kubwa mapajani, na kuwaambia wenzangu lini waanze. Kazi hiyo huitwa meneja wa jukwaa. Niliipata kwa sababu nina stesheni, duka la karatasi na kutoa kopi, karibu na stendi na skripti zote zilitolewa kopi kwangu, kwa hiyo kila ukurasa ulipobadilishwa nilikuwa wa kwanza kujua. Mwongozaji wetu ni kijana aliyesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na sote tunamwita Mwalimu hata tuliomzidi umri. Siku moja alikuja kuchukua karatasi, akasema, "Dada, ni wewe peke yako unayejua tumefika toleo gani. Hebu kaa na mchezo huu."

Hadithi ni ya huku huku. Kaya mbili za mlimani zinagombania zamu ya maji ya mfongo. Kwa asiyekulia Uchagani, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono kuteremsha maji hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, na kila kaya ina zamu yake ya kufungulia. Mtu mmoja anafungulia usiku zamu isiyo yake. Asubuhi ugomvi, na ndani ya ugomvi huo binti wa kaya hii na kijana wa kaya ile wanakutana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha mfereji. Mengine mtayakisia.

Kuna waliotaka tuigize mchezo mkubwa wa Broadway, kule kwenye kumbi za New York. Mwalimu alikataa mapema, nami namuunga mkono. Michezo ile ina wenyewe. Ukitaka kuionesha kwa watu unaomba leseni kwa kampuni inayosimamia haki zake, kama Music Theatre International ya New York, unalipia, na huruhusiwi kubadilisha mistari kiholela. Pesa hatukuwa nayo. Na kubadilisha mistari ndiyo ilikuwa starehe yetu kubwa.

Sisi wa kwaya tumezoea mtu mmoja afanye yote. Mwalimu wa kwaya anatunga, anafundisha, anaelekeza, na siku ya igizo la Krismasi anawapanga hata wachungaji na kondoo. Kwenye tamthilia ya nyimbo kazi hizo zimegawanywa, na mwanzoni niliona ni kujaza watu tu. Mwongozaji anashika hadithi: nani anataka nini, na kwa nini anafungua mdomo. Mwongozaji wa muziki anashika sauti na vyombo. Mtunzi wa miondoko anashika miili. Mtayarishaji anatafuta ukumbi na fedha, na kwetu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara aliyefuatilia kibali kwa afisa utamaduni hadi kikatoka. Wote hao wanakosana, na wanatakiwa wakosane mapema, kwenye mazoezi, maana siku ya onesho muda huo haupo.

Ugomvi wa kwanza niliouandika daftarini ulikuwa wa iringi. Mtunzi wa miondoko, dada mwenye msimamo kweli, aliingiza ngoma hiyo ya Kichaga kwenye msaragambo, watu wakizunguka kama inavyochezwa nyumbani. Ilipendeza sana kwa aliyekuwa ndani ya duara. Sisi tuliokaa kwenye viti tuliona migongo. Mwalimu akataka ifutwe. Dada yule akakataa, akasema ngoma ile ndiyo inayoonesha kaya mbili zikifanya kazi pamoja kabla hazijakubali kwa mdomo, kwa hiyo ukiifuta unafuta nusu ya hadithi. Akatutajia Oklahoma!, tamthilia ya nyimbo ya Marekani ya mwaka 1943, ambayo Agnes de Mille alitunga ngoma ndefu ya ndoto inayoeleza hofu ya msichana ambayo maneno yalikuwa hayajaisema. Mwishowe duara lilifunguliwa upande wa watazamaji likawa nusu mwezi, na waimbishaji wakakaa kwenye ncha mbili. Ngoma ikabaki, nyuso zikaonekana.

Kuimba kulinifundisha zaidi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa nilidhani hapo sina la kujifunza. Kwaya zetu ni nzuri, lakini zinaimba zimesimama. Mpe mwanakwaya jembe, mwambie aimbe ubeti uleule akilima, pumzi inakatika katikati ya neno. Mwongozaji wa muziki aliwapeleka kwenye ngazi za ukumbi, wakaimba wakipanda na kushuka, mikono ubavuni ili wahisi mbavu za chini zikitanuka badala ya mabega kuinuka. Kisha kila mmoja akaweka alama ya mkwaju kwenye skripti mahali pa kuvuta pumzi, na mtunzi wa miondoko akahakikisha hakuna kuruka wala kuinama pale kwenye mkwaju. Hapo ndipo nilipoona kwa nini wale wawili lazima wakae meza moja.

Nota tulitumia zetu za do re mi, zile zilizobuniwa Uingereza na Sarah Glover, zikaendelezwa na John Curwen, na kusambaa Afrika pamoja na misheni. Wapo waliozicheka, wakidai tamthilia ya kweli inataka nota za mistari. Mimi nasema acha wacheke. Binti wetu mkuu alipoonekana kubana koo kwenye kilele cha wimbo wake wa kwanza, mwongozaji wa muziki alifuta "Doh ni G" akaandika "Doh ni E", wimbo mzima ukashuka. Waimbaji hawakubadilishiwa nota hata moja, mpiga kinanda peke yake ndiye aliyekuna kichwa. Na wimbo huo wa kwanza una uzito wake. Michezo mingi ya aina hii humpa mhusika mkuu wimbo mapema wa kusema anachokitamani, ili mtazamaji apate cha kumfuatilia nacho hadi mwisho. Wetu aliimba kwamba anataka kuona maji yanakotoka, huko juu msituni, ambako nyumbani hawamruhusu kufika.

Jambo jingine ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, sasa mtunzi akiangusha pigo zito la ngoma kwenye silabi ya mwisho, sikio la Mswahili linasumbuka. Kanisani tunasamehe kwa sababu wimbo tunaujua. Jukwaani mtu anasikia mara moja tu, na asiposhika neno amepoteza kisa. Tulihamisha mapigo kwenye nyimbo kadhaa, na konsonanti zikatamkwa kwa nguvu kuliko tulivyozoea, kwa kuwa vipaza sauti vilikuwa vichache na vyote vilikwenda kwa wahusika wakuu.

Sasa daftari langu. Skripti iko ukurasa wa kulia, ukurasa wa kushoto mtupu kwa maelezo yangu. Penseli tu, kalamu marufuku, kwa sababu kila jioni kitu kinahama. Niliandika kila mwigizaji anaingilia wapi, anasimama wapi, anatokea wapi. Kushoto na kulia ni vya mwigizaji aliyewatazama watu, wala si vya aliyekaa kwenye kiti, na mkishakubaliana hivyo nusu ya kelele za mazoezi inakwisha. Kila badiliko la taa, sauti au pazia lina namba. Kabla ya namba kufika natoa onyo: "Taa kumi na mbili, jiandae." Wakati ukifika: "Taa kumi na mbili, twende." Neno "twende" haliruhusiwi kutumika kwa jambo jingine lolote onesho likiendelea. Kijana wa taa aliwahi kunisikia nikimwambia mtoto "twende ukanywe maji," mkono wake ukawa tayari uko kwenye swichi. Tangu hapo watoto niliwaambia "njoo."

Kumwita kijana huyo ilikuwa shida, kwa sababu alikaa nyuma kabisa ya ukumbi. Tulijaribu simu na spika za masikioni, lakini sauti inachelewa kidogo, na kwenye wimbo wa haraka huo kidogo ni mwingi. Fundi umeme mmoja akatutengenezea balbu mbili ndogo zenye swichi kwangu, moja kwa mtu wa taa, moja kwa mpiga kinanda. Ikiwaka, jiandae. Ikizimika, fanya. Baadaye nikaambiwa kumbi kubwa za ng'ambo nazo hutumia taa za ishara za namna hiyo. Yetu ilitugharimu waya na soketi.

Maleba sina mengi ya kusema. Mitumba ya soko la Memorial ilitutosha, ukiondoa kanga. Vifaa vya mkononi vilipangwa kwenye meza moja nyuma ya pazia, juu ya karatasi nyeupe ambayo kila kifaa kimechorewa umbo lake: jembe, kibuyu, mundu, taa ya chemli. Ukipita unaona umbo lililo wazi, unajua nani hajarudisha. Anayegusa kisichokuwa chake anakutana na mimi.

Mazoezi ya ufundi, kabla ya yale ya maleba, ndiyo yanayochosha kuliko yote. Waigizaji hawaigizi. Wanasema mstari, wanasimama, taa inarekebishwa, tunaruka hadi badiliko linalofuata. Mzee mmoja anayeigiza mkuu wa mfongo aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, tutaimba lini leo?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, leo zinaimba balbu." Hakucheka.

Mchezo ukishafunguliwa, mwongozaji huwa amemaliza kazi. Anakaa na watazamaji. Onesho linabaki mikononi mwa meneja wa jukwaa, na hilo nililielewa vizuri mvua ya masika iliposhuka juu ya bati la ukumbi katikati ya sehemu ya pili. Mazungumzo hayakusikika tena. Wazee wa kaya zile mbili walikuwa wanakaribia kupatana, na mapatano yale yote yako kwenye maneno. Kwenye nyimbo kuna vipande vifupi vya muziki vilivyowekwa ili virudiwerudiwe mpaka mwigizaji awe tayari, na mpiga kinanda hatoki humo bila ishara. Kimoja kilikuwa hapo karibu. Niliacha balbu yake inawaka, naye akazunguka kwenye mapigo yaleyale manne. Waigizaji waliliona hilo, wakaendelea kuzibua mfereji kimyakimya kwa majembe, kila mmoja akiwa ndani ya uhusika wake, na watazamaji wakaanza kupiga makofi kufuata kinanda. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi amekunja mikono, hakunipungia wala hakuja. Mvua ilipopungua kiasi cha sauti kupenya, nikazima balbu. Wazee wakapatana.

Sasa tumealikwa kuupeleka Marangu, kwenye uwanja wa wazi. Hakuna pazia wala pembeni ya kujificha, na kuingilia itakuwa katikati ya migomba, kwa hiyo ukurasa wote wa kushoto wa daftari naufuta na kuuandika upya. Mwalimu anataka jenereta iwekwe mbali ili isisikike. Mimi nimemwomba mtayarishaji anunue waya mrefu wa balbu kabla hajafikiria matangazo, na mpaka leo bado tunabishana urefu.