Wiki ya Saba Bila Cherehani

Leo ni wiki ya 7 tangu nilipofanyiwa upasuaji wa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza nimekaa mezani bila gango, kile kifaa kigumu cha kuushikilia mkono. Kilichoniumiza si cherehani, kama wanavyodhani wateja wangu wa hapa Jinja, bali fenesi. Kisu kilinata kwenye utomvu, nikakisukuma kwa nguvu, kikachomoka ghafla na kuzama kiganjani, chini ya kidole cha shahada. Damu haikunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba nilipokunja ngumi, vidole vyote vilitii isipokuwa hicho kimoja, kilichobaki kimenyooka kama penseli. Kano zake zote mbili za kukikunja, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa, zilikuwa zimekatika.

Siku za mwanzo zilikuwa za mito na kavera, yaani mfuko wa plastiki: mito ya kuuinua mkono juu ya usawa wa moyo, maana nilipoushusha tu ulivimba na kupwita, na kavera ya kuufunika wakati wa kuoga. Hayo yalivumilika. Taabu ya kweli ilianza nyuzi zilipotolewa siku ya 14, kwa sababu kila aliyeutazama mkono aliuona mzima. Mama alinijia na beseni la maji ya moto.

“Mwanangu, ukande na ukinyooshe hicho kidole, kisije kikakauka hivyo.”

“Mama, nisamehe, nimekatazwa,” nilimjibu, nikamweleza nilivyoelezwa na mtaalamu wa fiziotherapia kule Kampala: kidonda cha ngozi hufunga kwa muda wa wiki 2 hivi, lakini kano iliyoshonwa huwa bado dhaifu, na kwa kawaida haiaminiwi kwa kazi nzito kabla ya wiki 12. Ukiivuta mapema hukatika tena. Ukiiacha ilale tu, hugandamana na kovu linaloizunguka. Mama alilichukua beseni lake bila kusema neno, na nadhani hadi leo hajaridhika.

Kwa hiyo dawa yangu ilikuwa zoezi dogo lenye kuchosha kuliko kushona sare za shule nzima. Kila baada ya saa 2, mkono ukiwa ndani ya gango, nilikikunja kidole kwa mkono wa kulia hadi karibu na kiganja, nikakiachia kijishikilie chenyewe hadi nihesabu 5, kisha nikakirudisha taratibu, mara 10. Nimelifanya hata kwenye foleni ya benki. Nakiri pia kwamba siku mbili nililiacha kwa hasira, na siku ya tatu kidole kilikuwa kigumu kama kijiti.

Maendeleo nayapima kwa njiti ya kiberiti, nikiisimamisha kati ya ncha ya kidole kilichokunjwa na kiganja. Wiki iliyopita njiti nzima ilipita. Asubuhi hii imepita nusu. Cherehani bado nimeifunika kwa kitenge, na sindano nimemwachia mwanafunzi wangu, ambaye mishono yake, kusema kweli, imeanza kuipita yangu.