Injinia akitaka umeneja, aanzie chumba cha rangi

Vijana wanaomaliza Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, hunitafuta mara kwa mara na swali lao huwa moja: madam, nifanye nini nipande mpaka umeneja? Wengi wameshapanga kusoma shahada ya pili ya biashara. Someni, elimu haiozi. Lakini mimi huwaambia waombe kwanza kupelekwa chumba cha rangi, wakae humo mpaka wachoke, halafu wakae tena.

Kwa asiyejua kazi yetu ya kuunganisha magari: malori na pikapu nyingi mnazoziona barabarani hazikushuka melini zikiwa zima. Huingia bandarini vipandevipande ndani ya makontena, milango huku, sakafu kule, injini kwenye sanduku lake. Kazi hii inafanyika Nairobi, Thika na hapa Mombasa tangu miaka ya 1970. Tunachomelea bodi, tunaipaka rangi, tunatia nyaya, vioo na viti, tunaifunga juu ya fremu, kisha gari linapimwa breki na kunyeshewa maji kuona kama linavuja.

Sasa, kwenye laini ya kufunga, kosa hukaa palepale lilipofanyika. Fundi akikaza nati ya usukani kwa spana ya kupima mkazo huitia alama kwa kalamu ya rangi. Pasipo alama, gari haliendi mbele, na unajua wa kumuuliza. Chumba cha rangi hakina urahisi huo. Kasoro unayoiona leo juu ya boneti ilizaliwa saa nyingi nyuma, mikononi mwa mtu mwingine, pengine idara nyingine kabisa. Na hali yetu ya hewa haituhurumii. Hewa ya kompresa ikiwa na unyevu, maji hutoka pamoja na rangi, na bodi ikipita kwenye oveni inatoka na malengelenge. Bati tupu lililokwisha kuchomelewa haliachwi lilale wikendi nzima, maana kutu ya pwani haingoji Jumatatu.

Nilipopewa sehemu hiyo kuiongoza, nilikuta tatizo la vishimo. Vidogo, mviringo, kwenye boneti na paa, pale rangi ilipokataa kushika bati. Injinia yeyote wa rangi ataniambia hayo ni mafuta au silikoni, na ni kweli, lakini yanatoka wapi? Tulibadilisha vichujio vya hewa. Tukajaribu tina nyingine ya kuyeyushia rangi, tukasafisha bunduki zote za rangi. Siku moja boneti inatoka unaweza kujitazama usoni, kesho yake vishimo tele.

Nilitaka sana kuvaa ovaroli niingie kibandani nishike bunduki mwenyewe. Mzee mmoja wa rangi, aliyekuwa akipaka magari tangu mimi niko shule ya msingi, ndiye aliyenizuia. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, hebu waulize wanaopangusa."

Wanaopangusa ni akina mama wanaopitisha kitambaa chenye kunata juu ya kila bodi kabla haijapakwa. Hakuna bati linaloingia kibandani bila kupita chini ya viganja vyao, na hakuna aliyewahi kuwaita mkutanoni. Nikawafuata. Mmoja alinyamaza. Mwingine alitazama mlango kwanza.

"Nikisema, kuna mtu atafukuzwa?"

Nikamwambia hapana.

"Basi, madam, siku wakija kutia dawa magurudumu ya toroli, ile ya kopo la kupuliza, kitambaa changu huteleza."

Lilikuwa kopo la silikoni. Fundi wa matengenezo alipuliza magurudumu karibu na mahali pa kupangusia, ukungu wake ukatua juu ya bodi. Dawa yake ilikuwa rahisi: makopo yakarudi stoo, toroli zikawa zinatiwa grisi isiyo na silikoni, tena nje. Kazi ya meneja ilianza baada ya hapo. Mkuu wa matengenezo alitaka yule fundi aandikiwe barua ya onyo. Nilikataa, na tulizozana kwa sauti. Kadi ya kazi ya fundi huyo ilimtaka ahakikishe toroli hazilii, naye alifanya hivyo kwa bidii. Isitoshe, nilikuwa nimetoa ahadi. Barua ile ingeandikwa, nani angefungua mdomo tena kule ndani? Mwishowe tulikaa na mkuu mwenzangu tukaibadilisha kadi yenyewe.

Watu hupenda kusimulia habari za Toyota, jinsi Sakichi Toyoda alivyotengeneza mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ukikatika, na jinsi baadaye mfanyakazi wa viwanda vyao alivyoruhusiwa kuvuta kamba ya kusimamisha laini akiona kasoro. Kamba ni rahisi kununua. Kumfanya mama wa kitambaa aivute bila kutazama mlango, hapo ndipo mshahara wa meneja unapolipiwa. Mary Barra, anayeiongoza General Motors tangu 2014, aliingia kazini 1980 akiwa na miaka 18, akikagua vipande vya bodi. Ni injinia wa umeme, ameongoza kiwanda, na aliwahi kuongoza idara ya wafanyakazi ya kampuni nzima. Hiyo idara ya mwisho ndiyo mainjinia wetu huidharau.

Kuna mengine utakayojifunza njiani: bajeti, makontena yanayolipiwa kila siku yanapochelewa bandarini, shehena nzima kusimama kwa kukosa kipande kimoja kisichouzwa duka lolote mjini. Hayo yana vitabu na yana watu wa kukufundisha.

Mkutano wetu wa asubuhi sasa unafanyika wima, kando ya meza ya vitambaa, na wanaopangusa ndio husema kwanza. Nina mainjinia wawili wapya humo. Mmoja ameshaniandikia akiomba ahamishiwe laini ya kufunga, eti kule ndiko kwenye uhandisi wenyewe. Nimemjibu asubiri masika yapite, aone kompresa inavyotoa maji mvua zikikaza. Na wiki hii anashika kitambaa, chini ya yule yule mama.